Njano Juu ya Njano

Mlango uligongwa saa ambayo haukutakiwa kugongwa. Jua la majira ya baridi lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya makaa vya mji wa Sorgun, Uturuki, na Mama Satı alikuwa amevuka barabara kwenda kwa jirani kuomba habasoda ya kufukiza. Kabla ya kutoka alisimamisha ufagio upande wa kichwani mwa kitanda, akaingiza kisu chini ya mto wa mkamwana wake, akamwambia, "Mzazi ambaye hajatimiza arobaini haachwi peke yake, najua. Lakini nakwenda na kurudi. Usimfungulie mtu. Hata ukisikia sauti yangu usifungue. Mimi nina ufunguo."

Döndü aliitikia kwa kichwa. Utepe mwekundu ulikuwa umezungushwa kwenye paji la uso wake, wa kumfukuza yule Mwanamke Mwekundu anayekuja kuwakaba wazazi usingizini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na huyu alikuwa mtoto wake wa kwanza. Habari za Mwanamke Mwekundu aliziamini nusu. Nusu nyingine aliiachia hofu.

Mlango ukagongwa tena.

"Wenyewe! Jamani, naomba ndoo moja tu ya maji. Bomba langu limeganda, na unga nimeshaumwaga kwenye sinia!"

Mwanamke Mwekundu, Döndü aliwaza, hawezi kuwa na shida ya bomba. Akashuka kitandani, akafungua.

Aliyesimama kwenye ngazi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, aproni imejaa unga, ndoo mbili mkononi. Macho yake yalikuwa ya buluu iliyokolea, na alipotabasamu meno ya mbele yaliacha mwanya. Lafudhi yake ilikuwa ya watu wa magharibi, wa upande wa Edirne.

"Samahani, mdogo wangu. Naitwa Vildan. Mimi ndiye niliyepanga lile duka la chini, lililokuwa la fundi viatu. Natengeneza yufka, ile mikate myembamba kama karatasi."

"Nimesikia," alisema Döndü. Alisita. Nyumba yenye kichanga haitoi kitu nje jioni: si chumvi, si hamira, si moto, si maji. Lakini mwanamke alikuwa anatetemeka, na bomba lilikuwa pale pale nyuma yake. "Jaza upesi, dada. Upesi kabla mama hajarudi."

"Mbona kama tunaiba?" Vildan alicheka, akaingia.

Maji yalipokuwa yanajaa, mtoto alitoa kilio chembamba, cha juu, kama kilio cha paka aliyefungiwa mbali. Vildan aligeuza kichwa. Chumba kilikuwa na giza. Mapazia yalikuwa yamevutwa tangu mtoto aletwe kutoka hospitali, na mwanga pekee ulitoka kwenye tundu za jiko la makaa. Kitanda cha mtoto kilifunikwa shashi ya njano. Kofia yake ilikuwa ya njano, na begani palibanwa sarafu ya dhahabu na ushanga wa buluu kwenye utepe wa njano. Njano huifukuza njano, ndivyo wanawake wa mtaa walivyosema; ugonjwa wa manjano ukikuta rangi yake imeshakaa juu ya mtoto, hupita zake.

"Ana siku ngapi?"

"Tano."

"Ananyonya?"

"Juzi alinyonya vizuri. Leo analala tu. Mama anasema mtoto wa kulala ni mtoto mtulivu."

Vildan alifuta mikono kwenye aproni, akainua ncha ya shashi. Hakutabasamu. Hakusema lile neno ambalo hata mlevi hulisema akioneshwa kichanga. Alibonyeza pua ya mtoto kwa kidole kimoja, akakiondoa, akatazama, akabonyeza tena.

"Mlete dirishani."

"Haruhusiwi, dada. Arobaini yake bado."

"Basi kesho asubuhi, kukipambazuka, fungua pazia, mvue haya yote, umtazame weupe wa macho. Huwezi kuona njano juu ya njano. Dada yangu alikuwa na mtoto..."

Ufunguo ulizunguka mlangoni.

Mama Satı alisimama na bakuli lake la habasoda, akaona ufagio, akaona kitanda kitupu, kisha akaona mgongo wa mtu asiyemjua umeinama juu ya mjukuu wake. Mgongo ulipogeuka, akayaona macho ya buluu, yale ambayo mtaa uliamini hupiga watoto jicho.

"Toka hapo!" Sauti yake ilipasuka. "Toa macho yako juu ya mtoto! Wewe nani? Nani kakuingiza?"

"Bibi, mimi ni jirani yako wa chini. Mtoto huyu anaumwa."

"Ulimi wako ukauke! Macho ya buluu na mwanya juu yake, na unamtabiria mtoto wangu ugonjwa ndani ya nyumba yangu? Amesema mashaallah? Döndü! Nakuuliza wewe, amesema mashaallah?"

Döndü angeweza kudanganya. Neno moja tu, "amesema," lingetosha. Lakini alikuwa amesimama pekupeku sakafuni, amekamatwa na kosa lake mwenyewe la kufungua mlango, na akaona afadhali hasira iende kwa mwingine.

"Hakusema, mama."

Mama Satı alichukua ndoo iliyojaa, akaipeleka mlangoni, akaimwaga yote kwenye ngazi za nje. Akafanya hivyo hivyo na ya pili. Kisha akamkabidhi Vildan ndoo zake tupu, kwa adabu kabisa, kama mtu anayerudisha vyombo vya watu.

"Maji ya nyumba hii hayatoki," alisema. "Na wewe hurudi."

Vildan alimtazama Döndü mara moja. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuuma Döndü. Mlango ulipofungwa, Mama Satı alitupa konzi ya chumvi kwenye moto wa jiko, ikapasuka kwa milio.

"Unaisikia? Ndilo jicho lake hilo linapasuka. Mungu atuhifadhi. Panda kitandani, mwanangu, miguu yako imekuwa barafu."

Akamfunika mguu kwa mguu, akamsugua vidole mpaka vikapata joto.

*

Asubuhi mtoto hakuwa analala tena. Alikuwa anajipinda. Mgongo ulikakamaa kama upinde, kichwa kikaenda nyuma, kilio kikawa chembamba zaidi, kisha akalegea kabisa, titi likimtoka mdomoni. Yaşar, baba yake, alikuwa ameshaondoka na lori la makaa. Alikuwa ameambiwa mlangoni tu: mtoto kapigwa jicho, Bi Emeti anakuja, usihofu.

Bi Emeti alikuja na sufuria yake ndogo na kipande cha madini ya risasi ya kuondolea jicho, kilichofungwa kwenye leso. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, rafiki wa Mama Satı wa miaka thelathini. Hakuna mtoto wa mtaa wa juu ambaye hakuwahi kuketishwa chini ya shuka lake.

"Haya, mzazi, kaa hapa. Mkumbatie. Usiogope mlio. Mimi nimemyeyushia risasi hata hakimu aliyehamishiwa hapa kutoka Ankara, na yeye aliogopa kuliko watoto."

Wakamfunika Döndü na mtoto kwa shuka. Juu ya vichwa vyao Mama Satı alishika beseni la maji, na Bi Emeti akamimina risasi iliyoyeyuka. Maji yalilia, mvuke ukapanda. Chini ya shuka, gizani, Döndü alihisi kifua cha mtoto kikipanda na kushuka haraka mno.

"Lo! Lo! Tazama hapa, Satı." Bi Emeti aliitoa risasi kwa kijiko, ilikuwa imejaa miiba na mashimo. "Macho mawili haya. Na hili la kushoto limefumbuka wazi. Nani ameingia humu?"

"Yule wa yufka. Wa chini."

"Yule wa buluu? Nilijua! Mkwe wangu alipompangisha duka nilimwambia, mwanangu, mwanamke asiye na mume, haijulikani katoka wapi, macho kama moto wa gesi. Akaniambia, mama, analipa mapema. Haya, kalipa sasa!"

Döndü alijitoa kwenye shuka. "Mama, tumpeleke hospitali. Walituambia tumrudishe siku ya tatu, tukakaa."

"Siku ya tatu theluji ilikuwa inaanguka."

"Leo haianguki."

"Leo kuna arobaini." Mama Satı aliweka beseni chini. Hakuwa anagomba, sauti yake ilikuwa ya kubembeleza. "Sikiliza, mwanangu. Wale wa hospitali wametazama watoto. Mimi nimezika watoto. Wawili kabla ya mume wako. Wa kwanza, shangazi yake alimtoa nje siku ya sita kumwonesha kwa watu wa harusini. Wa pili, nilimbeba mwenyewe hadi uani, kwa ujinga wa utoto. Wote hawakumaliza wiki. Wa tatu nilimfungia ndani, sikumwonesha hata jua, nikamwita Yaşar, yaani aishi. Akaishi. Leo anaendesha lori. Nani atanifundisha mimi?"

Bi Emeti alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. Alikuwa ameyasindikiza majeneza yote mawili.

Alipoondoka, hakwenda kwake moja kwa moja. Alipita dukani, akapita bombani kwa wanawake waliokuwa wakiyeyusha barafu kwa magazeti yanayowaka, akapita kwa mke wa imamu. Adhana ya adhuhuri ilipotoka, mtaa mzima ulikuwa unajua. Mwanamke mmoja alishuka kwa Vildan na furushi la yufka alilonunua asubuhi, likiwa halijafunguliwa. Akaliweka kwenye ubao wa kusukumia.

"Ina kasoro gani?" aliuliza Vildan.

"Haina. Watoto wamesema hawana njaa."

*

Mama Satı alipotandika mswala chumba cha pili, Döndü alienda dirishani akavuta pazia.

Mwanga wa theluji uliingia wote kwa mara moja. Alimlaza mtoto kwenye kizingiti cha dirisha, akaondoa shashi, akaondoa kofia, akafungua utepe wenye dhahabu, akamvua na kifulana cha njano. Akasubiri, kama mtu anayetarajia rangi ibanduke pamoja na nguo. Haikubanduka. Uso ulikuwa wa njano, kifua cha njano, tumbo, mapaja, mpaka nyayo. Alimfumbua jicho kwa kidole gumba. Palipotakiwa kuwa na weupe, palikuwa kama maji yaliyolowekwa zafarani.

Hakulia. Alimfunga mtoto kwenye blanketi la kijeshi la Yaşar, akajitupia koti juu ya gauni la kulalia. Utepe mwekundu ulikuwa bado kichwani.

Mama Satı alimkuta mkono ukiwa kwenye kitasa.

"Unakwenda wapi?"

"Hospitali."

"Rudi ndani."

"Mama, ni wa njano mwili mzima. Njoo umwone kwenye mwanga."

"Umefungua pazia?" Mama Satı alijiegemeza mlangoni, mikono imetanuka. Alikuwa mdogo wa umbo. "Umemvua nguo mbele ya dirisha, na yule yuko chini? Döndü, mwanangu, usiniue mara ya tatu."

Viatu vizito vilipanda ngazi, mlango ukasukumwa kutoka nje. Yaşar alikuwa amekuja kula. Uso wake ulikuwa mweusi kwa makaa, akasimama kizingitini mbele ya mama yake aliyetanua mikono na mkewe nyuma yake, kofia mkononi kama mtu aliyeitwa polisi.

"Mwambie mkeo," alisema Mama Satı.

"Mtazame mwanao," alisema Döndü.

Yaşar alimtazama mama yake kwanza. "Labda tungoje jioni, imamu amsomee. Kama hatapata nafuu, basi kesho..."

"Kesho yake iko wapi?" Döndü alifunua blanketi. "Tazama! Huyu ni mwanao au ni limau? Tazama, Yaşar, una macho!"

Alitazama. Kisha akatazama chini, kwenye viatu vyake. Alikuwa mtu mwema, aliyelelewa asijue la kufanya pale ambapo mama yake anajua.

Döndü hakumngoja. Alipita chini ya mkono wa mama mkwe. Alikuwa na kandambili za ndani. Ngazi za nje, pale maji ya ndoo mbili yalipomwagwa jana, zilikuwa kioo kitupu cha barafu. Aliteleza, akaanguka kwa goti, amemshikilia mtoto kifuani kwa mikono yote miwili, akateleza mpaka chini.

Vildan ndiye aliyemwinua. Hakuuliza kitu. Alifunua blanketi, akalifunika, akavua buti zake mwenyewe.

"Vaa. Vaa, nakwambia. Mimi sizihitaji, niko ndani siku nzima." Kisha akapaza sauti kuelekea juu, "Wewe mwanamume! Lori lako lina mafuta?"

Madirisha ya mtaa yalikuwa yamejaa vichwa. Yaşar alishuka, akipita ukutani taratibu ili asianguke. Aliwasha lori. Nyuma yake mama yake alisimama juu ya ngazi, akilia kwa sauti, na katikati ya kilio hicho, kwa mazoea ya maisha yake yote, aliomba mtu amletee maji amwagie nyuma ya wasafiri ili warudi salama. Hakuna aliyemletea.

*

Katika hospitali ya mkoa walimbadilisha mtoto damu. Daktari alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya usingizi. Alieleza taratibu, kwa maneno ya kawaida. Damu ya mama na ya mtoto hazikupatana. Manjano yalipanda mpaka kichwani.

"Ataishi," alisema. "Kuhusu masikio sina uhakika. Manjano yakikaa sana huanza na masikio."

"Tungekuja jana?" aliuliza Döndü.

Daktari aligeuza kalamu yake mara mbili. "Jana ingekuwa bora."

Kesho yake Mama Satı alikuja kwa basi. Alileta supu ya mtindi kwenye chupa ya chai, soksi za sufu, na shashi mpya ya njano, iliyofuliwa na kupigwa pasi. Mtoto alikuwa uchi ndani ya sanduku la kioo, chini ya taa za buluu, macho yamefungwa bendeji. Mama Satı alipotoa shashi, muuguzi akamzuia, na daktari aliyekuwa anapita akasimama.

"Hii hapana, bibi. Hii ndiyo iliyotuchelewesha. Ukimfunika njano, rangi ya ngozi huijui. Kila mwaka napata mmoja au wawili namna hii."

"Lakini huzuia."

"Haizuii kitu. Inaficha tu."

Mama Satı alikunja shashi, akaikunja tena, mpaka ikawa kama leso. Alikaa kwenye benchi la korido. Akauliza, bila kumtazama daktari, "Na wakifa, mwanangu, kwa ugonjwa huu... huwa wanajipinda? Mgongo hivi? Halafu wanalegea, hawanyonyi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na rangi unaionaje, kama hukuwavua?"

"Huioni."

"Mama mkwe wangu alikuwa na shashi nzuri," alisema Mama Satı. "Za hariri ya njano. Za kutoka Bursa. Tuliwazika nazo."

Daktari akaitwa kwingine, akaenda.

Döndü aliyasikia yote kutoka mlangoni. Alitaka kumchukia mwanamke huyu. Alikuwa ameiandaa chuki hiyo usiku mzima, ameitafutia maneno. Sasa alikaa kando yake kwenye benchi, na maneno hayakuja. Yaliyokuja yalikuwa mengine.

"Yaşar anasema Dada Vildan ameambiwa aondoke."

Mama Satı aliifinya shashi mkononi.

"Mkwe wa Bi Emeti amempa mpaka mwisho wa mwezi. Yufka zake wamezitupia mbwa mbele ya mlango wake. Wanasema kamla mjukuu wako wewe."

"Nisemeje? Mimi sikuwaambia watupe."

"Uliwaambia jicho. Sasa waambie tena. Kwa mdomo ule ule."

"Döndü. Watu watanicheka mpaka kaburini."

"Wacheke."

Ndani ya kioo mtoto alinyoosha vidole, akavikunja. Mama Satı aliutazama mkono ule mpaka ukatulia.

"Siku ya arobaini," alisema. "Watakuja kumuogesha. Nitasema. Nitamwambia kila mtu niliyemwambia, na kila mtu aliyeambiwa kwa sababu yangu."

"Unaahidi?"

"Nimeshasema, mwanangu. Usiniapishe kama mwizi."

*

Mwezi uliisha kabla ya arobaini. Vildan alipakia ubao, mti wa kusukumia na sufuria zake kwenye mkokoteni, akahamia chumba kimoja nyuma ya soko la Jumatano. Alikuwa akiuza yufka juu ya kreti la nyanya. Wanawake wa mtaa wa juu walipopita hapo walivuta watoto wao upande wa pili, na wanawake wengine, wasiomjua kabisa, wakiona hivyo nao walivuta wao.

Mtoto, waliyempa jina Dursun, yaani abaki, alikuwa amenenepa. Alinyonya kwa pupa na ngozi yake ilikuwa nyeupe na nyekundu. Siku moja Yaşar aliangusha ndoo ya makaa karibu kabisa na kitanda, kishindo kikatikisa vioo. Döndü aliruka. Mtoto aliendelea kutazama dari, ametulia, akifuata kivuli cha mkono wa mama yake. Yaşar aliokota ndoo. Akaiangusha tena, makusudi. Kisha akaketi sakafuni katikati ya makaa, akajifunika uso.

Tangu siku hiyo Döndü hakumwita mtoto kwa sauti peke yake. Alimsogelea mpaka mtoto amwone, akamgusa kifua kwanza, ndipo akamwimbia, mkono wa mtoto ukiwa kooni mwake ili ausikie wimbo kwa vidole.

Asubuhi ya arobaini Yaşar alimwambia mama yake, "Mama, mwanamke ameshahama. Ukisema sasa utamrudishia nini? Tumuogeshe mtoto, watu wale halua, waende."

"Niliahidi kusema," alijibu Mama Satı, akisugua kokoto arobaini za kuwekwa kwenye maji ya kumwogeshea mtoto. "Sikuahidi kurudisha."

Walikuja wachache kuliko ilivyotarajiwa. Bi Emeti alikuwa na mafua, ilisemekana, na waliozoea kutembea naye nao walishikwa na mafua. Waliokuja walijaza chumba hata hivyo, wakala halua, wakasifu mapaja ya mtoto huku wakigonga mbao ili jicho lisimpate. Mmoja akasema, "Mungu alimnusuru na yule shetani wa buluu."

Mama Satı aliweka sinia chini.

"Mjukuu wangu hakupigwa jicho," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, akakohoa, akaanza upya. "Hakupigwa jicho. Aliugua manjano. Vildan aliyaona, akaniambia, nikamfukuza. Shashi nilimfunika mimi. Nilichelewa mimi. Sasa mtoto hasikii, na ni kwa sababu yangu."

Kijiko kiligonga sahani mahali fulani. Mke wa imamu alisema taratibu, "Bi Satı, una huzuni. Yanayotoka kwa Mungu..."

"Huzuni ninayo. Na nililosema ni kweli."

"Hasikii kabisa?" aliuliza msichana mmoja, mama yake akamfinya.

Wakaanza kuvaa makoti. Mmoja alimbusu Döndü kwenye shavu bila kumtazama. Mwingine alikumbuka sufuria motoni. Kwenye ngazi sauti zao zilianza kabla hawajafika chini: "Bibi kachanganyikiwa," na nyingine, "Au kweli, eti? Maana hata wangu alikuwa analala sana..." Msemaji wa pili alikuwa na mimba kubwa, akashuka kwa kushika ukuta.

Halua nyingi ilibaki. Döndü alidhani mama mkwe ataketi sasa. Badala yake alimwona anafunga kitambaa cha kichwa, anavaa viatu.

"Kwa nani tena, mama? Umeshasema."

"Wote hawakuja."

Alipita mlango mmoja baada ya mwingine, theluji ikimfika kwenye vifundo. Kila alipofunguliwa alikataa kuingia, alikataa chai, akasema maneno yale yale kwenye kizingiti, akashukuru, akaenda. Wengine walimsikiliza mdomo wazi. Mmoja alicheka kwa aibu, akadhani ni mzaha. Mzee mmoja alimuuliza kama anataka pesa.

Mlango wa Bi Emeti aliuacha wa mwisho.

Bi Emeti mwenyewe ndiye aliyefungua. Hakuwa na mafua. Habari ilikuwa imeshamfikia. Mashavu yake yalikuwa yamewaka.

"Umekuja kunivua nguo na mimi, Satı?" alisema. "Miaka thelathini. Risasi yangu imewaponya nusu ya mji huu, na wewe unapita mlango kwa mlango kusema ni uongo?"

"Sikukutaja, Emeti."

"Hukunitaja! Nani mwingine ana risasi? Watoto wako nani aliwaosha? Nani alikushika usianguke kaburini? Ukisema hilo neno hapa kwangu, usije tena. Sikutanii. Hata kwenye maziko yangu, usije."

Mama Satı alimtazama rafiki yake. Alirudi nyuma hatua moja. Yeyote aliyekuwa anapita angedhani anageuka kurudi.

"Mjukuu wangu hakupigwa jicho," alianza.

Mlango ulifungwa. Komeo likaingia.

Mama Satı alisogea karibu, mpaka pumzi yake ikafanya ukungu kwenye mbao, akayasema yaliyobaki yote, polepole, bila kuruka neno, mpaka mwisho.